Megabaiti Kumi na Moja

Duka la Skaidrite halina mlango wala kengele.
Limo ndani ya kompyuta ya kijivu
juu ya meza ya jikoni, mjini Kuldiga,
kati ya chupa ya asali na bakuli la viazi.
Nje, theluji ya Februari imeimeza baiskeli.

Anauza glavu za sufu,
jozi arobaini na tatu, kila moja na nakshi yake:
jua, nyota ya ncha nane,
na ile aliyofunzwa na bibi yake
kwa kugongwa vidole na sindano ya kufumia.

Kizuri chajiuza, husemwa.
Mbona basi tangu Krismasi ameuza jozi mbili,
na moja nimeinunua mimi?

Nikalifungua duka kwa simu, ndani ya basi la Riga.
Nikasubiri.
Ukaja ukanda wa juu wa picha, samawati, labda anga.
Nikasubiri.
Tukapita kituo cha mafuta, msitu, kituo kingine cha mafuta.
Glavu bado hazikuwa na gumba.
Mteja ni ndege:
ukichelewa kumwaga mtama, yuko juu ya paa la jirani.

Jumapili nikaja.
Kila picha megabaiti kumi na moja,
pana kiasi cha kufunika ukuta wa kanisa,
naye kazibandika kwenye kidirisha cha upana wa kiganja!
Nikaanza kubana.
"Unatoa nini?"
akauliza, kama aliyeona kisu mkononi mwa daktari.
Natoa kisichoonekana, nikasema.
Rangi mbili zikiwa mapacha, namwacha mmoja.
Ule weupe wa nyuma, hakuna haja
ya kuukumbuka punje kwa punje.
Akavaa miwani, akatafuta kilichopotea.
Hata kinyoya kimoja kilichochomoza penye kifundo
kilikuwa pale pale.
Kumi na moja zile zimekuwa kilobaiti tisini.
"Laiti ningepungua hivyo mimi," akacheka,
"nikabaki na sura yangu."

Kisha majina.
Kamera ilikuwa imezipa herufi tatu na tarakimu nne,
kama wafungwa.
Nikamweleza: mashine inayotafuta haina macho,
inapapasa.
Usipoiambia hizi ni glavu,
itapita kama mtu apitaye ghalani usiku bila taa.
Na wapo watu wasioona, husomewa ukurasa kwa sauti;
kwao picha yako ni kimya.
Andika machache. Usirundike sifa. Ukweli tu.

Akaandika kwa kidole kimoja:
Glavu nyekundu za sufu, nakshi ya nyota, za mwanamke.
Glavu nyeupe za mtoto, zimeunganishwa kwa uzi shingoni.
Ya kumi na nane, kidole kikabaki hewani.

Glavu za kijani, zimeshika sepetu ya theluji.
Zimejaa mikono.
"Visvaldis," akasema. "Wiki moja kabla ya hospitali."
Nami, mjinga, nikasema mteja hahitaji jina,
andika rangi, andika sufu.
Birika likachemka, likajizima lenyewe.

Akaandika:
Glavu za kijani za sufu, za baridi kali,
mikononi mwa mtu aliyezivaa majira tisa bila kutoboka.

Sikufuta hata nukta.

Aprili ikaja barua kutoka Tartu,
mwanamke aliyepoteza macho akiwa na miaka sita.
Sauti ya kompyuta yake ilimsomea jozi zote,
nyota, jua, nyota, akawa anasinzia,
mpaka ilipofika kwenye yale majira tisa.
Hizo, aliandika. Kama zipo za kijani, nitajuaje? Niambie tu ni za kijani.

Skaidrite anafuma. Meza imejaa nyuzi,
viazi vimehamia sakafuni.
Picha ya kilobaiti tisini iko dukani, nyepesi,
inafunguka kabla hujapepesa jicho.
Ile nzito ameitia kwenye kopo la sukari,
ndani ya kidude kidogo kama jino,
na ameniambia nisiiguse.